Kulisoma tope kwa hadubini: mwongozo kamili wa mafunzo ya vitendo kwa waendeshaji wa mitambo ya majitaka

Kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu ulio majini, huchukua siku 5 kutoa jibu. Mwendeshaji anayengoja jibu hilo ndipo ajue kama mtambo wake una afya anasoma habari za wiki iliyopita, na huenda tope limeshaanza kuvuka ukingo wa tangi la kutulia na kutoka pamoja na maji yaliyosafishwa. Tone moja la tope chini ya hadubini humpa habari za leo ndani ya dakika 20. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kila anayeshika zamu mtamboni, hata kama hana cheti cha maabara, afundishwe kutazama.

Mwongozo huu unahusu mitambo ya tope hai, yaani ile inayopuliza hewa ndani ya majitaka, kuliacha tope litulie, kisha kulirudisha sehemu yake kwenye tangi la hewa. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1914 na Edward Ardern na William Lockett, waliofanya kazi Manchester, Uingereza. Walichogundua ni rahisi kukieleza: badala ya kumwaga tope lililotuama baada ya kupuliza hewa, walilibakiza chomboni na kuongeza majitaka mapya juu yake. Kazi iliyokuwa ikichukua majuma ikaanza kuisha ndani ya siku moja, kwa kuwa bakteria walikuwa wamekwishazaliana na kungoja chakula. Tangu hapo, anayeendesha mtambo wa aina hii ni mfugaji. Analisha, anatoa hewa, anapunguza kundi linapozidi. Na mfugaji hangoji aambiwe kwa barua kwamba ng'ombe wake anaumwa; humwona asubuhi anapofungua zizi.

Mafunzo yenyewe nayagawa hivi: siku tatu za kushikwa mkono, kisha mwezi mzima wa kutazama kila siku peke yako na kuandika. Huo mwezi ndio mafunzo hasa. Siku tatu hukufundisha majina tu.

Kwanza, mikono na mapafu yako

Majitaka hubeba vimelea vya homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A, leptospirosisi na mayai ya minyoo. Vaa glavu na miwani, funika kidonda chochote kwa plasta isiyopitisha maji, usile wala kushika simu ukiwa na glavu za kazi. Hakikisha chanjo zako ziko sawa. Usiingie kwenye shimo au chemba bila kupima hewa, kwa sababu gesi ya hidrojeni salfaidi huua pua kabla ya kukuua wewe: ikizidi, hunusi tena chochote na unadhani imeisha. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: maji yaliyojaa viputo vya hewa hayambebi mtu vizuri. Hata mwogeleaji hodari akitumbukia kwenye tangi la hewa anaweza kuzama. Vaa boya la kujiokoa unapochota sampuli ukingoni.

Vifaa

Unahitaji hadubini yenye lenzi mbili za macho, inayokuza mara 100, mara 400 na mara 1000 kwa mafuta. Ile ya aina inayobadilisha tofauti ndogo za upitaji wa mwanga kuwa giza na weupe ni bora zaidi, maana vijidudu wengi ni kama kioo. Kama huna, teremsha kidogo lenzi ya kukusanyia mwanga chini ya meza ya hadubini na ubane tundu la mwanga. Picha itapata kivuli na utaona kingo. Ongeza vioo vya sampuli, vioo vya kufunikia vya milimita 22, pipeti za plastiki zenye mdomo mpana, chupa zenye mdomo mpana, silinda ya lita 1 au, afadhali, chombo kipana cha lita 2 cha kupimia utuaji, mita ya oksijeni, na daftari gumu. Picha ya simu kupitia lenzi ya macho inatosha kabisa kwa kumbukumbu.

Hatua ya 1: tembea kabla ya kutazama

Zunguka mtambo mzima kwanza. Tope lenye afya lina rangi ya hudhurungi na harufu ya udongo uliolowa mvua. Tope jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza limekosa hewa mahali fulani, mara nyingi kwenye kona isiyochanganywa vizuri au kwenye tangi la kutulia ambako limelala muda mrefu. Povu jeupe jepesi huonyesha tope changa au sabuni. Povu zito la kahawia lenye mafuta, ambalo halivunjiki ukilimwagia maji, karibu kila mara ni nyuzi, yaani bakteria wanaoota kwa umbo la uzi mrefu. Andika ulichoona kabla hujaingia maabara, kwa sababu hadubini ina tabia ya kumfanya mtu asahau alichokiona nje.

Hatua ya 2: chota sampuli

Chota mwishoni mwa tangi la hewa, mahali penye mchanganyiko mzuri, chini ya povu. Jaza chupa nusu tu ili vijidudu wabaki na hewa. Andika saa na mahali. Tazama ndani ya saa moja ikiwezekana. Protozoa, yaani viumbe wa seli moja, hubadilika haraka, na sampuli iliyokaa kwenye chupa iliyojaa pomoni itakuonyesha ukosefu wa oksijeni ulioutengeneza mwenyewe. Kwa kutambua nyuzi tu, sampuli hukubali kukaa siku moja kwenye friji ya nyuzi joto 4. Povu lichote kwa chupa yake: likionyesha nyuzi nyingi kuliko tope lenyewe, umeshapata jibu la povu linatoka wapi.

Chota saa ileile kila siku. Mtambo wa saa mbili asubuhi na wa saa nane mchana ni kama mitambo miwili tofauti.

Hatua ya 3: acha tope litulie

Mimina sampuli mpya kwenye chombo, koroga taratibu, acha dakika 30, soma ujazo wa tope. Usitoke. Dakika 5 za mwanzo zina habari nyingi kuliko zilizobaki: tope zuri hujikusanya, huvutana kama wavu na kushuka pamoja likiyachuja maji juu yake. Tope changa huanguka kwa kutawanyika kama mvua na kuacha maji yenye ukungu. Tope zee hushuka kama jiwe na kuacha vumbi likielea.

Sasa hesabu SVI, yaani mililita zinazochukuliwa na gramu 1 ya tope likishatulia: ujazo wa dakika 30 kwa mililita kwa lita, zidisha kwa 1000, gawanya kwa MLSS, yaani miligramu za tope kavu kwa lita. Wanafunzi huniuliza kwa nini tusisome silinda tu. Chukua matangi mawili yanayosoma mililita 400. La kwanza lina MLSS ya 4000, hivyo SVI ni 100: tope zuri, ila limejaa. La pili lina MLSS ya 1600, hivyo SVI ni 250: tope limevimba na halitaki kukaa chini. Silinda ni sawa, maradhi ni mawili, na dawa ya mmoja itamdhuru mwingine. Kwa kawaida SVI kati ya 80 na 150 huwa haina shida. Ikipita 150 anza kutafuta sababu.

Kama tope limegoma kushuka, yaani limebaki kwenye mililita 900, fanya jaribio hili ambalo halihitaji kifaa chochote: changanya sehemu moja ya tope na sehemu moja ya maji safi ya mwisho wa mtambo, kisha pima tena. Likishuka kwa kasi, tatizo lilikuwa wingi, ondoa tope. Likigoma hata baada ya kuchujuliwa, ni nyuzi.

Usimwage silinda baada ya dakika 30. Iache saa mbili. Tope lililotulia vizuri kisha likapanda juu kwa madonge yenye viputo halijavimba. Nitrati imegeuzwa kuwa gesi ya nitrojeni na gesi hiyo inalibeba. Mwendeshaji asiyejua hili huanza kupambana na nyuzi ambazo hazipo, wakati alichohitaji ni kuliondoa tope mapema kutoka sakafu ya tangi la kutulia.

Hatua ya 4: andaa kioo

Geuza chupa taratibu mara kadhaa. Ukiitikisa utavunja madonge. Weka tone moja dogo katikati ya kioo. Gusisha ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia kwenye tone kwa kukiinamisha, kisha kishushe polepole ili hewa isibaki. Kioo cha kufunikia kikielea, tone lilikuwa kubwa. Usikibonyeze kwa kidole. Andaa vioo vitatu, maana tone moja linaweza kukudanganya.

Hatua ya 5: mara 100, tazama madonge

Kabla ya kuwafuata wanaotembea, tazama madonge. Hii ndiyo sehemu ngumu zaidi kuwafundisha watu, kwa kuwa jicho hukimbilia kinachocheza. Madonge ndiyo bakteria, na bakteria ndio wanaofanya karibu kazi yote ya kusafisha. Uliza: ni madogo, chini ya mikroni 150, ya kati, hadi 500, au makubwa zaidi? Ni ya mviringo na yameshikana, au yana umbo lisilo sawa na matundu? Kati yake maji ni meupe au yamejaa bakteria wanaoelea ovyo?

Kisha nyuzi. Si zote ni mbaya. Nyuzi chache ni kama nondo ndani ya zege, hulishikilia donge. Zipime kwa kipimo cha 0 hadi 6 ambacho hutumika sana: 0 hakuna, 1 chache kwenye donge mojamoja, 2 zipo lakini si kila donge, 3 kila donge lina nyuzi chache, 4 nyingi kiasi, 5 nyingi katika kila donge, 6 nyuzi zimezidi madonge. Andika pia kama zinatoka nje na kuunganisha donge na donge. Viungo hivyo vya kati ya madonge ndivyo vinavyozuia tope kukaa chini, hata kabla SVI haijapanda.

Tone la wino mweusi wa kuchorea likiongezwa pembeni mwa kioo hufichua jambo jingine. Chembe za wino hupenya donge la kawaida. Donge lililozungukwa na ute mwingi hubaki na duara jeupe pana, na hiyo ni dalili ya upungufu wa nitrojeni au fosforasi. Angalia kama uwiano wa BOD, nitrojeni na fosforasi uko karibu na 100 kwa 5 kwa 1. Mitambo inayopokea maji ya viwanda vya vinywaji au karatasi iwe makini hapa.

Hatua ya 6: hesabu wanaotembea

Pitisha kioo kizima kwa mistari, kushoto kwenda kulia, ukihesabu kwa makundi. Hulazimiki kujua jina la kisayansi la kila mmoja.

Amiba na wenye mijeledi hutawala tope likiwa changa, wakati mtambo unaanzishwa, baada ya sumu, au mzigo unapozidi. Wenye mijeledi hushindana na bakteria kula chakula kilichoyeyuka, hivyo wakijaa, chakula kingi bado kiko majini.

Wanaofuata ni wenye silia, yaani vinyweleo vya kujisukumia, wanaoogelea huru, kama Paramecium. Hawa hula bakteria wanaoelea, na wingi wao unasema bakteria hao bado ni wengi. Baada yao huja wanaotambaa juu ya madonge, kama Aspidisca, wadogo, mgongo uliobinuka, wakilichokonoa donge kama kuku. Nikiwaona hao pamoja na wenye vikonyo, kama Vorticella, huwa natulia: tope lina umri mzuri, yaani wastani wa siku linazokaa mtamboni kabla ya kuondolewa, na maji yatatoka yaking'aa. Vorticella hujulikana kwa kikonyo kinachojikunja kama springi ukigonga meza. Epistylis huishi kwa makundi na kikonyo chake hakijikunji.

Rotifa, wenye taji la silia linalozunguka, na minyoo wembamba wa nematodi hujaa tope linapozeeka. Dubu wa maji, mwenye miguu minane, huonekana zaidi palipo na tope zee na amonia kidogo. Wote hawa si wabaya. Mtambo wa hewa ya muda mrefu, wenye umri wa tope wa siku 20 hadi 30, unapaswa kuwa nao. Mtambo wa kawaida wenye umri wa siku 5 ukiwaonyesha kwa wingi, umeacha kuondoa tope ipasavyo.

Kuliko idadi, tazama mwendo. Wenye silia waliosimama, Vorticella waliokata vikonyo na kuogelea zao, wanyama wote wameviringika kimya: hiyo ni sumu au hewa imekatika. Nimeona mwanafunzi akigundua hivyo saa tatu asubuhi, akafunga bomba la magari ya kunyonya vyoo, na tope likapona. Kipimo cha maabara kingekuja Ijumaa.

Kuna kitu hadubini haitakuonyesha, nawe usidanganyike: bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati. Hujificha ndani ya madonge na huzaliana polepole. Hao wafuate kwa kipimo cha amonia na alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia wanayoigeuza hula takriban gramu 4.6 za oksijeni na gramu 7.1 za alkalini. Alkalini ikikauka pH huanguka, nao huacha kazi, huku Vorticella wakiendelea kucheza kana kwamba hakuna lililotokea.

Hatua ya 7: zitambue nyuzi

Mtafiti Eikelboom wa Uholanzi alichapisha mwaka 1975 mfumo wa kuzitambua nyuzi kwa umbo, na zile zisizo na jina zikapewa namba. Ndiyo maana utasikia watu wakisema 0041 au 021N. Tazama mara 1000 kwa mafuta: je, inatoa matawi? Ina ala, yaani kifuko kinachouvika uzi? Inasogea? Ina chembe za salfa zinazong'aa ndani?

Kisha ipake rangi kwa njia ya Gram. Kausha tone hewani, weka urujuani wa fuwele dakika 1, suuza, weka iodini dakika 1, suuza, osha kwa alkoholi tone kwa tone takriban sekunde 25, suuza, malizia kwa safranini dakika 1. Zambarau ni chanya, nyekundu ni hasi.

Thamani ya jina ni sababu inayoambatana nalo. Sphaerotilus natans na 1701 hupenda oksijeni kidogo. Angalia kama tangi la hewa linashika walau miligramu 2 kwa lita saa za mzigo mkubwa. Thiothrix na 021N huja na majitaka yaliyooza mabombani yenye salfaidi, au upungufu wa virutubisho. 0041 na 0092 hukaa palipo na chakula kidogo kwa tope jingi. Microthrix parvicella, chanya, hana matawi na amejisokota kama uzi uliofumuka, hupenda mafuta na tope zee, na huwa mwingi zaidi maji yakipoa. Jamii ya Nocardia, chanya, ana matawi kama mti mdogo ndani ya donge, naye ndiye wa povu la kahawia. Kuvu wanene huonyesha pH iliyoshuka.

Hatua ya 8: sikiliza tope likipumua

Jaza sampuli iliyopulizwa hewa kwenye chupa ya mililita 300, funga kwa kipimio cha mita ya oksijeni bila kubakiza kiputo, koroga kwa sumaku na andika kila dakika. Tuseme oksijeni imeshuka kutoka 6.5 hadi 3.5 ndani ya dakika 6: ni miligramu 30 kwa lita kwa saa. Tope lenye gramu 2 za sehemu hai kwa lita hutoa 15 kwa gramu kwa saa. Kati ya 8 na 20 ni eneo la kawaida. Juu ya hapo limeshiba kupita kiasi. Chini ya hapo lina njaa, limezeeka au limepewa sumu. Ukilinganisha na ulichoona hatua ya 6, utajua ni lipi.

Hatua ya 9: badilisha kitu kimoja

Ukishajua, gusa jambo moja tu. Usibadilishe kiasi cha tope unaloliondoa kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kwa siku, kisha subiri. Jamii ya vijidudu huchukua takriban mara mbili au tatu ya umri wa tope kujipanga upya. Makosa mengi niliyoyaona yalitokana na zamu ya usiku kufuta kilichofanywa na zamu ya mchana.

Klorini kwenye tope linalorudishwa ni silaha ya dharura. Anza na kilo 2 hadi 3 kwa kila kilo 1000 za tope kavu kwa siku, na tazama kila siku: unataka nyuzi za nje ya donge zikatike na ala zibaki tupu, huku Vorticella wakiwa hai. Maji ya mwisho yakianza kuwa na ukungu, au protozoa wakinyamaza, punguza mara moja. Klorini huua nyuzi, haiondoi kilichozileta.

Kupima kama mwanafunzi ameiva

Mwisho wa mwezi mpe chupa tatu zisizo na alama: moja ya leo, moja iliyokaa saa nane ikiwa imefungwa bila hewa, moja iliyochujuliwa nusu kwa maji ya mwisho. Mwachie hadubini, silinda na daftari lake la siku 30. Usimuulize majina ya vijidudu. Muulize ipi ni ipi, angefanya nini kwenye valvu, na angetazama nini kesho asubuhi kujua kama alikosea. Akifungua daftari lake kulinganisha kabla ya kujibu, mpe zamu.